Kivuli cha Kwao

Jumapili ile wapenda maua walipokutana, Mwenyekiti wao, mwanamke wa mwili mpana, alikuwa ametoka kupaka rangi vyuma vya madirisha, na veranda nzima ilinuka mafuta ya taa. Brashi ilikuwa imelala juu ya kifuniko cha kopo, bado imelowa. Ili avifikie vyuma vya chumba cha mbele, kile kinachotazama geti, ilikuwa imembidi aupogoe mwasumini uliolipanda dirisha lile miaka nenda miaka rudi hadi ukalifunika lote. Matawi yalikuwa yamelundikwa kwenye beseni la kufulia, manene kwa membamba, yamefunikwa gunia bichi yasinyauke.

"Leo hakuna wa kutoka hapa mikono mitupu," alisema Mwenyekiti. "Mkiniachia haya nayatia moto."

"Wewe utie moto asumini?" alisema Mama Mikebe. "Labda uanze na sisi."

Mama Mikebe aliitwa hivyo kwa sababu kila alichopanda alikipanda kwenye mkebe: wa maziwa, wa rangi, wa mafuta ya kupikia. Pembeni yake alikaa Karani, mstaafu wa posta, aliyekuwa akikunja gazeti lililoloweshwa kuzunguka kipandikizi kwa ustadi hata ungedhani kinakwenda ng'ambo. Na mwisho wa benchi alikaa Fundi, mshona viatu, mgane, ambaye maua yake aliyapanda kwenye mabuti ya watu walioleta kushonewa wasirudi tena. Wengine walikuja na kuacha, lakini hao watatu na Mwenyekiti hawakukosa. Fundi na Mwenyekiti waliitana shemeji, maana marehemu mke wa Fundi alikuwa mdogo wake Mwenyekiti, toka nitoke. Nafasi ya Fundi kwenye benchi lile alikuwa ameirithi kwa mkewe, pamoja na vyungu vyake.

Walikuwa na masharti mawili tu. La kwanza, hukatai unachopewa. La pili, anayekupa tawi lazima akwambie limekatwa wapi.

Sharti hili la pili lina sababu. Kila aliyewahi kuotesha anajua kwamba tawi likikatwa hubaki na kivuli cha kwao mpaka lishike mizizi. Unalitia kwenye chupa ya maji, unaliweka dirishani, jua la jioni linalipiga, na ukutani panaanguka kivuli cha pale lilipokatwa, na watu wake, na shughuli zao. Likishashika huwa na kivuli chake lenyewe, kama mhamiaji yeyote aliyezoea. Karani aliwahi kupewa tawi lililokatwa mlangoni pa kinyozi, akanywa chai yake kila jioni huku akitazama watu wakinyolewa. Mama Mikebe lake lilitoka zahanati; akapata foleni ya kina mama wajawazito ukutani, akachoka kuwaonea huruma, akaugeuza mkebe upande wa pili.

Tena kuna hili. Ncha laini hutoa kivuli cha juzi na jana. Tawi gumu hutoa kivuli cha wakati lilipokuwa likikua, na kadiri unavyoshuka kuelekea chini ndivyo unavyorudi nyuma. Ndiyo maana watu wenye busara hugawa ncha. Ncha hazina maneno mengi.

Siku ile Mwenyekiti alikuwa na haraka, rangi inakauka, na alitaka kumfurahisha kila mtu. Ncha aliwapa Karani na Mama Mikebe. Kisha akaingiza mkono chini ya gunia, akatoa kipande kinene cha pingili kadhaa.

"Shemeji, wewe chukua hili gumu. Mkono wako mzito, laini litakufia."

"Limekatwa wapi?"

"Dirishani hapo," alisema Mwenyekiti, akionyesha kwa kidevu, mikono yake ikiwa na rangi.

Sharti lilikuwa limetimizwa. Fundi alilifunga tawi gazetini akaenda zake.

Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, na nyuma ya pazia ndiko alikolala. Alilitia tawi kwenye chupa ya jemu, akaiweka kwenye dirisha linalopokea jua la magharibi, akaendelea kugandisha soli ya kiatu cha mwanafunzi. Jua liliposhuka hadi usawa wa paa la jirani, vyuma vya dirisha lisilo lake vilisimama ukutani. Baada ya vyuma ukaja ukingo wa kitanda. Juu ya kitanda alikuwa ameketi mwanamke aliyekalia mguu wake mmoja, kidevu kiganjani.

Fundi aliweka nyundo chini.

"Mguu huo utakufa ganzi," alisema, kama alivyokuwa akimwambia kila siku katika ndoa yao.

Kisha alivuta kigoda, akakaa.

Habari za ugonjwa ule ni fupi. Mkewe alishikwa na koo, na sauti ikawa ya kwanza kuondoka. Mwenyekiti akaja akasema, mlete kwangu, kwangu kuna bomba ndani na chumba chenye jua, hapa kwako gundi itammaliza. Fundi aliona ni kweli, akampeleka. Kila jioni alifunga duka, akanunua machungwa, akenda. Kila jioni shemeji yake alimpokelea getini. "Amelala," alisema, akauchukua mfuko. Jioni iliyofuata, "Amelala." Ukafika wakati akasema neno jingine: "Yuko macho, shemeji, lakini hataki kukuona." Fundi aliuliza kwa nini. "Hataki tu. Mwenyewe unajua mgonjwa." Aliuangalia mwasumini pale dirishani, majani matupu na maua meupe, hukuweza kuona ndani hata ungesimama kwa vidole. Akarudi nyumbani. Kesho yake akaja tena na machungwa, akarudishwa tena, mpaka siku alipoitwa kuja kuzika.

Hataki kukuona. Neno lile lilikaa ndani yake kama msumari uliopenya soli: kwa nje hauonekani, ila kila hatua unaujua. Alijiuliza kama ilikuwa ni ile gundi. Alijiuliza kama ni kwa sababu aliwahi kumkemea mbele ya wateja. Mtu akiachwa na neno la namna hiyo bila mwenyewe kulifafanua, hulifafanua yeye, na mwenye kujifafanulia hajihurumii.

Sasa alitazama ukutani. Jua lilipozidi kushuka, chini kabisa, karibu na sakafu, lilitokea geti, na nje ya geti mtu aliyepinda mgongo, mfuko mkononi. Fundi hakuwahi kujiona akiwa amesimama kwa watu, lakini alijitambua. Kivuli cha mwanamke wa pili, mpana, kilitoka kwenda getini kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Walisemezana. Mfuko ukabadilisha mikono.

Na mle chumbani mkewe alikuwa ameshainuka. Alikwenda mlangoni, akashika kitasa, kitasa hakikugeuka. Akaupiga mlango kwa kiganja kilichofunguka, mara kadhaa, bila sauti, maana kivuli hakina sauti na yeye pia hakuwa nayo. Akarudi dirishani, akashika vyuma. Alisimama hivyo mpaka mtu wa getini akageuka, akaondoka, akawa mdogo, akapotea. Hata alipokwisha kupotea, aliendelea kusimama.

Jua likazama. Ukuta ukawa ukuta.

Fundi aliwasha taa, akamaliza soli ya mwanafunzi kwa sababu shule ilikuwa kesho.

Tangu hapo alifunga kazi mapema. Wateja walimkuta amekaa kwenye kigoda, uso ukutani, wakaweka viatu vyao kwenye rundo na kuondoka. Mkewe alikaa, alisimama, aliuendea mlango, alishika vyuma. Jioni nyingine alichana nywele. Jioni nyingine alikunja shuka akalikunjua, akalikunja tena, kama alivyofanya akiwa na jambo kichwani. Fundi alimsimulia habari za mtaa: nani ameoa, nani amehama, bei ya ngozi. Hakutaraji jibu. Hata zamani mkewe hakuwa mtu wa kujibu habari za ngozi.

Kisha chini ya tawi, majini, vilitokea vinundu vyeupe.

Mpanda maua mwingine angefurahi. Fundi aliona vinundu asubuhi, na jioni ile geti halikutokea ukutani, wala mtu wa getini. Kivuli kilikuwa kinaanza kuondoka kwa kuanzia miguuni. Alichukua kisu cha ngozi, akakinoa kwenye jiwe, akakata pingili ya chini pamoja na mizizi yake michanga. Jioni iliyofuata geti lilirudi, na mtu wake, na mfuko wake. Lakini mwanamke wa dirishani alikuwa amepungua mabega, maana ile pingili iliyotupwa ilikuwa ndiyo ya siku za mwanzo.

Fundi alielewa. Tawi lile lilikuwa na siku zake kama kalenda ya ukutani, chini za kale, juu za karibu, na kila akilikata ili lisishike, alikuwa anachana karatasi moja na kusogea kule mbele alikokujua. Asipokata, litashika, na mkewe ataondoka kabisa. Akikata, atabaki naye, lakini naye atakuwa anakwisha.

Alikata. Vinundu vilirudi. Alikata tena.

Mama Mikebe alimkuta na kisu mkononi. Alikuwa ameleta kiatu cha kisigino kilichong'oka.

"Fundi, hivyo ni nini unafanya? Mtu mzima unakata mizizi?"

"Ilikuwa imeanza kutoka."

"Sasa si ndiyo—" Aliona ukuta. Alisogea karibu, kiatu mkononi. "Huyo si mkeo?"

"Ndiye."

"Amekonda."

"Anaumwa."

Mama Mikebe alikaa kwenye benchi la wateja. Alitazama mlango usiofunguka, na kiganja, na vyuma, na yule mtu wa getini akipewa mgongo. Alikaa mpaka jua likazama. Alipoinuka alisahau kiatu, akatembea hadi kwake mguu mmoja juu mmoja chini.

Habari ikaenea, maana habari nayo ni mmea, huna haja ya kuimwagilia. Wapenda maua walikutana kwa Karani, pasipokuwa na Mwenyekiti wala Fundi, wakalizungumza.

"Tumwondoe," alisema Mama Mikebe. "Mtu anafungia mgonjwa mlango, halafu anatugawia mbolea kwa tabasamu."

"Tukimwondoa tunakutana wapi?" aliuliza Karani. "Hapa kwangu mmejaza hadi chooni. Nani mwingine ana veranda na bomba uani?"

Watu waliwaza. Mtu mmoja akasema mambo ya ndani ya ukoo yana wenyewe. Mwingine akasema udongo wa Mwenyekiti hauna mfano. Walimtuma Karani kwenda kumuuliza Fundi anasemaje, na Fundi akasema ni kweli, udongo wake ni mzuri. Basi Mwenyekiti akaendelea kuwa Mwenyekiti, na Jumapili iliyofuata wakakaa verandani kwake kama kawaida. Chai ilikuwepo.

Ni siku ile Fundi alipomwambia, wakati wa kuagana: "Shemeji, pita dukani siku moja jioni. Lile tawi ulilonipa, nataka ulione."

"Limeoza?"

"Halijaoza."

Mwenyekiti alikuja na ndala iliyokatika kamba, ili safari iwe na sababu. Alikaa kwenye benchi, akaweka mkoba magotini. Jua lilikuwa tayari ukutani na vyuma vilikuwa vimesimama. Mwenyekiti alivitambua kabla ya yote, kwa kuwa wiki chache nyuma alikuwa amevipaka kimoja kimoja.

"Umelikata sana," alisema. "Limebaki pingili mbili."

"Lilikuwa linataka kushika."

"Ndiyo kazi yake."

Fundi alishona ndala bila kumtazama. Ukutani mgonjwa aliinuka kwa kujishika ukingo wa kitanda. Mlangoni hakwenda tena. Siku za kwenda mlangoni zilikuwa zimekatwa na kutupwa. Alikwenda dirishani moja kwa moja.

"Shemeji, ulikuwa ukiniambia amelala."

"Kuna siku alikuwa amelala."

"Na leo hii, hapa ukutani?"

"Leo hii hapana."

"Ukaniambia hataki kuniona."

"Nilikwambia."

"Yeye ndiye aliyesema?"

Mwenyekiti aliupindua mkoba, akaupindua tena. "Hakuwa na sauti ya kusema kitu. Unajua."

Sindano ya Fundi iliingia upande huu ikatoka upande ule. Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni. Mwenyekiti alingoja sauti ya magurudumu iishe, halafu akasema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza jinsi ya kuchanganya samadi:

"Mama alipokufa, huyu hata meno hayajamtoka. Nimembeba mgongoni mpaka mgongo ukapata umbo lake. Shule sikumaliza kwa ajili yake. Ukaja wewe na nyundo yako ukamchukua, halafu Jumapili mkanitembelea kama mgeni anavyotembelewa, nusu saa, chai, kwaheri. Wewe ulikuwa naye miaka yote ile, shemeji. Mimi nilitaka zile wiki tu."

"Tungekaa naye wote wawili."

"Ungeingia, angekutazama wewe."

"Angetutazama wote."

"Unamjua," alisema Mwenyekiti.

Fundi alimjua. Hilo hakuweza kulikataa, akavuta uzi.

Ukutani kivuli kipana kilirudi kutoka getini na mfuko, kikatoka upande mmoja wa ukuta na baada ya muda kikaingia chumbani, kikauweka mfuko kitandani.

"Yale machungwa," Fundi aliuliza, "ulikuwa ukimwambia yametoka wapi?"

"Sokoni. Nilimwambia nimepita sokoni nikamkumbuka."

"Na uzi je?"

"Uzi gani?"

Fundi alionyesha kwa sindano. Mfuko ule alikuwa akiufunga kwa uzi wa kushonea viatu, ule wa kupakwa nta, kwa fundo la mafundi wa viatu, ambalo ukilivuta linazidi kukaza. Mtu asiyelijua hukata kwa kisu au hurarua mfuko. Ukutani mgonjwa aliuchukua mfuko, akalitafuta lile jicho dogo la uzi lililofichwa, akalivuta kwa vidole viwili, na mfuko ukafunguka. Machungwa hakuyagusa. Aliuzungusha uzi kwenye kidole chake, taratibu, mzunguko juu ya mzunguko, kama pete, na kivuli kipana kilichokuwa kimesimama kando yake kilikuwa kimeinama kikipanga machungwa kwenye sahani.

Mwenyekiti alitazama mpaka mwanga ukaisha.

"Alikuwa anajua," alisema.

"Kila siku."

"Na akawa ananipokelea na kuninyamazia." Halafu akainuka, akajinyoosha gauni. "Ndala niijie lini?"

"Imekwisha."

Aliivaa palepale, akaijaribu kwa hatua mbili. Mlangoni aligeuka. Fundi alidhani atasema lile neno ambalo watu husema wakikosea, na alikuwa amekwisha tengeneza jibu lake.

"Maji unalizidishia," alisema Mwenyekiti. "Asumini haipendi kuloa shingo."

Akaenda.

Fundi alibaki na pingili mbili, halafu na moja. Pingili moja yenye jicho moja la kuchipua ni kitu kidogo, kinaenea kiganjani kama kifungo cha koti. Ukutani mkewe hakuinuka tena. Alilala ubavu akiuelekea mwanga, mkono umenyooshwa hadi kwenye vyuma, na kwenye kidole kile kulikuwa na uzi mwingi sasa, wa jioni zote, hata kidole kilionekana kimevimba. Yule mtu aliendelea kuja getini. Kwa hakika hakukosa hata siku moja, na Fundi, aliyekuwa amekwisha kusahau hilo kwa kujilaumu, alifurahi kuliona.

Vinundu vyeupe vikatoka tena.

Alinoa kisu. Aliishika ile pingili karibu na taa, akapima kwa jicho la mtu aliyekata ngozi maisha yake yote. Chini ya jicho mti ulikuwa umebaki kiasi cha ukucha. Akikata hapo, kivuli cha kesho kitakuwa cha siku ambayo wenzake walimwendea dukani wakiwa wamevua kofia. Angeona jinsi ilivyokuwa. Angejua nani alikuwa chumbani na kama mlango ulikuwa umefunguliwa. Alikaa na kisu mpaka mkono ukachoka, akakirudisha kwenye ala.

Asubuhi alijaza udongo na mchanga kwenye buti la kushoto la mtu asiyejulikana, akapanda.

Kivuli hakikuondoka mara moja. Jioni ya kwanza liliondoka geti. Jioni zilizofuata kikaondoka kitanda, vikaondoka vyuma, hata mkewe akawa amelala hewani kwenye ukuta mtupu, mkono mbele, akififia kuanzia miguuni kama mtu anayevutiwa shuka. Kidole chenye uzi ndicho kilichochelewa. Mwishowe hata hicho kikawa kivuli cha chipukizi dogo lenye majani mawili, linalotikisika upepo ukipita. Fundi alilitazama ili kuhakikisha. Lilikuwa chipukizi.

Kesho yake aliligusa rundo la viatu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Wenye viatu walimtukana kiasi, kisha wakavaa wakaenda zao. Lakini jioni bado alikaa kwenye kigoda, uso ukutani, kwa mazoea.

Mwasumini ule ulimea kwa fujo. Ulitoka kwenye buti ukapanda dirisha, ukafika juu ya mlango, ukatoa maua, na jioni wapita njia walipunguza mwendo mbele ya duka kwa ajili ya harufu. Mvua zilipokwisha, Fundi aliupogoa, na kwa kuwa sharti ni sharti, Jumapili alikwenda na vipande kwenye kikapu, kila mmoja na chake.

"Limekatwa wapi?" aliuliza Karani.

"Dirishani kwangu, dukani."

Haukupita muda, Mama Mikebe alimjia juu.

"Fundi, umenijazia nyumba. Ukutani kwangu umekaa kwenye kigoda, mikono mitupu, unatazama ukuta. Jana nimeanika shuka ndani kwa ajili ya mawingu, umekaa katikati yake."

"Nisogeze."

"Nimekusogeza, umerudi." Alifikiri. "Ila mume wa namna hii ndiye niliyekuwa namtafuta siku zote. Hali, hadai, hakoromi."

Kwa Karani ilikuwa vivyo hivyo. Fundi alikaa ukutani kwa Karani jioni nzima, mgongo umepinda, na Karani alikuwa amezoea kumwekea kikombe cha pili mezani, si kwa kudhani atakunywa, ila kwa kuwa si adabu kunywa peke yako mbele ya mtu. Wote waliofika walimkuta, wakamsalimu, wakaendelea na mazungumzo yao.

Mwenyekiti naye alipokea chake. Hakukataa, maana sharti la kwanza alilitunga yeye. Alikifunga gazetini, akakiweka kwenye mkoba. Na katika nyumba yake chumba kinachopata jua la jioni ni kimoja tu.

Fundi alilijua hilo vizuri. Alipokuwa akigandisha soli alilifikiria: kwamba saa hii, mle chumbani, kando ya kitanda kile, kuna mtu ameketi kwenye kigoda. Hakuna aliyemzuia getini. Ameingia, amekaa, na ana muda. Baadhi ya jioni alifunga duka mapema, akanawa, akavaa shati lililopigwa pasi, akakaa kwenye kigoda wima, ingawa alijua kivuli kilichoko kule ni cha zamani na shati halitaonekana. Mara moja alinunua machungwa. Aliyaweka miguuni pake, akakaa nayo mpaka giza, kisha akala moja.

Mama Mikebe ndiye aliyemletea habari. Alikuwa ametoka kwa Mwenyekiti kuomba samadi, na alikuja nayo mkononi, kwenye mkebe.

"Lile lako kwa Mwenyekiti limeshashika."

"Mapema hivyo? La kwako bado?"

"La kwangu hata kinundu. La Karani hivyo hivyo." Aliuweka mkebe sakafuni. "Yeye alilivika mfuko wa nailoni. Akaliweka jikoni, karibu na moto, halileti tena dirishani. Na maji alikuwa akilibadilishia ya uvuguvugu, asubuhi na jioni. Nimemwona kwa macho yangu akiyapima kwa kiwiko, kama anaogesha mtoto."

Fundi alikuwa ameshika kiatu cha mwanamke, kisigino juu. Hakuna mpanda maua asiyejua mambo hayo. Joto, mfuko, maji ya uvuguvugu: hivyo ndivyo unavyolifanyia tawi ambalo unataka lishike haraka.

"Na kivuli?" aliuliza.

"Chake lenyewe. Majani tu."

Mama Mikebe alingoja kuona kama atasema kitu. Fundi alisema kwamba ndivyo inavyotakiwa, asumini hupenda joto. Kisha akamwomba asogee kidogo, kwa kuwa alikuwa amemkingia mwanga, akapiga msumari wa kwanza.